Tuhame Programu ya Kurekodi au Tubaki Nayo?



Wengi mnatujua kwa kushona. Wachache mnajua kwamba nyuma ya duka, kwenye chumba tulichokuwa tukiweka majora ya vitambaa, tunarekodi kasida na nyimbo za hina. Waimbaji ni wanawake, anayeshika kompyuta ni mwanamke, na anayesikiliza mwisho ni bibi harusi na wageni wake wa kike. Chumba ni kidogo. Tumekizungushia magodoro ya zamani na mabaki ya mahameli ili sauti isigonge ukuta ikarudi. Ndani mna madufu mawili, maikrofoni moja nzuri na moja ya akiba, na laptopu yenye FL Studio ambayo tunaitumia mwaka wa sita huu.

Sasa tumo kwenye mjadala wa kuihama programu hiyo. Tumeuleta hapa kwa sababu si mjadala wa mafundi peke yao. Sauti inayoingia kwenye ile laptopu ni ya mama yako, ya somo wako, pengine yako wewe mwenyewe ukimuimbia mama usiku wa hina. Ukirekodi kwetu au kwa mwengine, unapaswa kujua sauti ile inakaa wapi na nani ana ufunguo wake.

Aliyeanzisha ni kijana wetu anayeshika kompyuta. Alikuja siku moja akatwambia, "Madada, wenzetu wote wameshahamia Cubase, sisi bado tuko na programu ya watoto." Hoja ya wenzetu wote sisi tumeizoea. Kila mwaka huja mteja na picha ya gauni la Dubai, anataka lile lile, na umbo lake na la yule wa pichani haviingiliani hata kidogo. Cubase ni programu kubwa ya Kijerumani, ya kampuni ya Steinberg, ipo tangu 1989, na studio nyingi zinaitumia. Lakini jina la programu halisikiki kwenye kasida. Hakuna mgeni aliyewahi kushika sahani ya biriani akauliza wimbo huu umerekodiwa kwa nini.

Tukamwambia atuoneshe tatizo lenyewe. La kwanza alilotaja ni kuchelewa kwa sauti: muimbaji akivaa hedifoni anajisikia nyuma kidogo ya anavyoimba, na mpiga dufu anapotea. Hilo ni kweli na linaudhi. Lakini chanzo chake si programu. Kompyuta hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuirudisha masikioni. Fungu likiwekwa kwenye 1024, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni kuchelewa kwa kiasi cha milisekunde 23 kwenda tu, bado kurudi. Ukilishusha hadi 128 inakuwa kama milisekunde 3, na sikio halihisi. Linalobaki ni kama laptopu yako inaweza kubeba kasi hiyo bila kukwaruza, na kama una kile kisanduku cha kuunganishia maikrofoni chenye dereva wake sahihi. Ungehamia programu yoyote duniani ukaacha fungu kwenye 1024, dufu lingechelewa vile vile. Ni sawa na mtu anayeuza charahani kwa sababu uzi unakatika, kumbe sindano imepinda.

Basi hoja ile tukaiweka kando. Akaleta nyengine, na hiyo ndiyo iliyotukalisha chini.

FL Studio ilitoka Ubelgiji mwaka 1997, kwa kampuni ya Image-Line, na wakati huo ikiitwa FruityLoops. Ilizaliwa kwa ajili ya midundo: unapanga vijisanduku, unavijaza, mdundo unazunguka. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana, na tulipoanza kazi yetu ilikuwa hiyo hiyo. Mabibi harusi walikuwa wanataka mdundo wa kuingilia ukumbini. Siku hizi maombi yamebadilika. Familia nyingi zinatutaka tuwape kasida ya sauti tupu, au sauti na dufu bila kitu chengine. Masheikh wamekhitalifiana juu ya ala na sisi hatutoi fatwa; tunamuuliza mama wa bibi harusi anachokikubali nyumbani kwake na tunakifuata. Lakini matokeo yake kwenye kazi ni makubwa. Zamani tulikuwa tukipanga mdundo saa tatu na kurekodi sauti nusu saa. Sasa ni wanawake wanane wanaoimba dakika ishirini mfululizo, wanavuta pumzi pale wanapotaka, wanarefusha neno pale moyo unapowapeleka, na ubeti mmoja tunaurudia mara nne ili tuchague ulio bora.

Kwa kazi kama hiyo FL Studio inaweza, tusiionee. Miaka yote hii tumerekodi nayo. Ila inaweza kama charahani ya kawaida inavyoweza kumalizia ncha za nguo: utazungusha mshono wa zigizaga, utafika, lakini mwenye oveloki ameshakunja na kwenda kuswali.

Kijana wetu alipoona tumenyamaza, akatoa habari nyengine. Fundi mmoja wa kompyuta mjini amesema atatuwekea Cubase kamili kwa elfu ishirini. Elfu ishirini za Tanzania! Hapo tukajua ni ya wizi, ile iliyovunjwa kufuli. Na hapa wasomaji wetu tunataka tuseme wazi kwa sababu jambo hili limezoeleka mpaka watu hawalioni tena. Mwaka 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Kuwait katika kikao chake cha tano, na likapitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za kisheria kwa wenyewe na haijuzu kuzivamia. Programu ni kazi ya mikono ya mtu na akili yake. Sisi tukishona gauni wiki tatu, tukitia shanga moja moja kwa mkono, halafu mtu akalichukua kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, tutamwita nani? Pesa tunazopokea kwa kasida za kumsalia Mtume, rehema na amani zimshukie, hatuwezi kuzipitisha kwenye kompyuta yenye kitu cha wizi halafu tukaja hapa kuwaandikia nyinyi habari za riziki ya halali.

FL Studio tuliilipia mara moja, na utaratibu wao ni kwamba aliyelipa anapata matoleo mapya maisha yake yote bila kuongeza senti. Kwa hilo tunawashukuru. Wapo wanaotoza kila mwezi. Ukikosa kulipa, mlango unafungwa. Kwa biashara ya harusi, ambayo Ramadhani hulala kabisa na Mfunguo Mosi hufurika, malipo ya kila mwezi yanakukuta mfukoni hamna kitu.

Tukatafuta ya kuhamia. Audacity ni ya bure kwa halali na ipo tangu mwaka 2000. Anayetaka kurekodi mawaidha au Qur'ani ya mwanawe aichukue, haina haja ya kutafuta zaidi. Kwa sauti nane na dufu zinazohitaji kupangwa na kupangwa tena, inachosha. BandLab nayo ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye simu, ila kazi yako inahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, mbali. Unaweza kuiweka iwe ya faragha, tunajua. Lakini tulipomueleza mmoja wa waimbaji wetu wakubwa, bi mkubwa wa miaka sabini na kitu, alituuliza, "Wanangu, sauti yangu itakwenda kukaa kwa watu nisiowajua?" Tukamjibu kwamba hapana, haitakwenda. Mjadala wa BandLab ukaishia hapo.

Tuliyoikalia ni Reaper. Faili lake la kupakua ni dogo, inakwenda hata kwenye laptopu ya zamani kama yetu, na imejengwa kwa ajili ya kurekodi sauti. Ubeti ukirudiwa mara nne, zote nne zinakaa pamoja mahali pamoja, unasikiliza na kuchagua: mwanzo kutoka ya pili, mwisho kutoka ya nne. Wanakupa siku 60 za kujaribu. Leseni kwa mtu binafsi, au biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000, ni dola 60, yaani kama laki na nusu hivi. Wenye mapato zaidi ya hapo wanalipa dola 225, na programu ni ile ile.

Na hapa pana jambo ambalo tumelizungumza sana kuliko yote. Siku 60 zikiisha, Reaper haijifungi. Inakuwekea ujumbe wa kukukumbusha kulipa, unasubiri kidogo, halafu inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Wapo watu duniani wanaoitumia miaka bila kulipa. Kijana wetu aliposoma hivyo alicheka akasema, "Basi madada, si bure hiyo!" Si bure. Ni mtu amekuachia duka lake wazi akaenda msikitini, akakwambia pesa weka kwenye kikapu. Hakuna kamera, hakuna mlinzi, na hakuna atakayejua isipokuwa Yule ajuaye. Sisi tumekubaliana kuilipa siku ya kwanza tutakayopokea kazi ya mteja ndani yake, hata kama siku 60 bado hazijaisha, kwa sababu majaribio ni majaribio na kazi ya pesa ni kazi ya pesa.

Ina kasoro zake. Inakuja tupu, kama kununua kichwa cha charahani bila meza. Haina milio mingi ya ala kama FL Studio, ingawa kwa watu wa dufu na sauti hilo halituumi. Ina menyu nyingi, maandishi madogo, na mwongozo wake wa bure una zaidi ya kurasa 400 za Kiingereza. Tumegawana. Kila mmoja wetu ana sura zake za kusoma, na jioni baada ya Isha tunaelezana. Tunakwenda polepole.

Tuwe waadilifu kwa Cubase pia. Kama kikundi chenu ni cha taarab, mna kinanda, na mnataka maqamu kama Rast na Bayati zikae pale zinapopaswa kukaa, ina kifaa cha kurekebisha kila noti juu au chini kwa kiasi kidogo, mpaka ile robo toni ambayo kinanda cha kawaida hakina. Ableton Live nayo imeingiza mifumo ya namna hiyo katika toleo la 12 mwaka 2024. Kwa nyinyi kuhama kunaweza kuwa na maana kubwa kuliko kwetu, ilimradi mnunue kwa halali. Sisi waimbaji wetu wanaipata ile robo toni kooni tu, hawahitaji kompyuta.

Lakini linalotutia hofu zaidi kuliko programu ipi ni kazi za zamani. Faili la mradi wa FL Studio linafunguka ndani ya FL Studio peke yake. Miaka sita ya sauti za wanawake imo ndani ya mafaili yale, na wawili kati yao Mwenyezi Mungu ameshawachukua. Watoto wao wanakuja wakati mwengine, wanakaa kwenye kiti cha wateja, wanaomba wamsikie mama. Tukihama tu kwa furaha ya kitu kipya, laptopu hii ikafa na leseni ikasahaulika, sauti zile nazo zimekwenda.

Na kampuni si za kuaminiwa maisha. Mwaka 2002 Apple ilinunua kampuni iliyokuwa ikitengeneza Logic, na waliokuwa wakiitumia kwenye Windows wakaambiwa basi, toleo lao limekoma. Mwaka 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kuacha kutengeneza Sonar, na watu waliolipia wakabaki wameshika vichwa mpaka mwaka uliofuata ikachukuliwa na BandLab. Tukirudi kwetu hapa, Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodiwa sahani. Mwanamke wa Unguja alivuka bahari ili sauti yake iingie kwenye kitu, na kitu hicho kilikuwa mali ya kampuni. Sisi leo tuna chumba chetu na mashine yetu. Ingekuwa aibu kubwa tukamwachia tena mwengine ufunguo.

Kwa hivyo tulichoamua kwanza, kabla ya kuhama, ni kuzitoa sauti zote za zamani kwenye FL Studio, kila sauti mstari wake, kwa faili la WAV ambalo programu yoyote inalifungua. FL Studio yenyewe ina sehemu ya kutoa kila mstari peke yake, na mistari yote inaanzia sekunde sifuri ili ukiipanga tena ikae sawa. Kinachouma ni nafasi. Sauti moja kwa ubora tunaorekodi inakula kama MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika sita wenye mistari 12 ni karibu MB 580. Tumenunua hadi diski mbili: moja inakaa dukani kwenye kabati, nyengine nyumbani kwa mmoja wetu, kwa sababu maji na moto havina adabu. Kazi hii inatuchukua usiku mwingi. Tumefika mwaka wa pili kati ya sita.

FL Studio hatuifuti. Leseni ni yetu, na ina uwezo wa kufunguliwa ndani ya programu nyengine kama kifaa. Midundo ya dufu tuliyokwisha kuipanga tutaendelea kuipiga humo humo huku sauti zikirekodiwa kwenye Reaper.

Na hatuhami sasa. Wanaotwambia tuhame haraka ili Mfunguo Mosi utukute na kitu kipya hawajawahi kubadilisha mashine wakiwa na magauni kumi na moja mezani. Kazi zote tulizokwisha kuzipokea zitamalizika kwenye programu ziliyoanzia. Zile mpya za baada ya sikukuu, mbili za mwanzo tutazirekodi kwa Reaper, na wenye kazi hizo tumewaambia mapema wakaridhia.

Kwa bibi harusi anayesoma hapa akajiandaa kurekodi popote pale, hata kama si kwetu: usiulize wanatumia programu gani. Uliza nani atakuwa chumbani siku ya kurekodi. Uliza faili litakaa kwenye kompyuta ya nani, na kama litapitia kwenye kundi la WhatsApp la mafundi kulisikiliza. Kuna dada mmoja tunayemjua, wimbo wake wa hina ulirekodiwa kwenye studio moja yenye vijana wengi, na wiki mbili baadae aliusikia kwenye daladala. Alikuwa amekaa na mkwe wake. Hakuna aliyemuibia, waliupenda tu wakapeana. Andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari kwamba wimbo ni wa wanawake, kwamba utakabidhiwa faili lako la WAV, na kwamba ukitaka ufutwe utafutwa.

Waliorekodi kwetu miaka ya nyuma, tafadhali njooni na flashi mchukue zenu. Yenye GB 8 inatosha kwa wengi wenu, na aliyerekodi kasida zaidi ya kumi alete ya GB 16. Tupo kila siku baada ya Alasiri isipokuwa Ijumaa, na kutoa faili hatutozi. Watoto wa wale waimbaji wetu wawili waliotangulia, zenu tumeziweka mwanzo kabisa na ziko tayari.